Maswali Kumi na Mawili ya Kuuza Tangi

Siku ya tatu ya mafunzo, Mama Lita alikuwa amechoka hadi kwenye kope. Kwa miaka kumi na saba alikuwa akiuza matangi ya maji katika duka lile lile, nyuma ya kaunta ile ile iliyobanduka rangi pembeni. Jina hilo wateja ndio waliompa, kwa sababu ukimtajia mko wangapi nyumbani, alikutajia lita kabla hujafunga mdomo. Sasa mwenye duka alikuwa ameleta mkufunzi wa mauzo, bwana mmoja mwenye viatu vilivyochongoka kama sindano, awafundishe wauzaji namna ya kuzungumza na wateja. Wauzaji wenyewe walikuwa mmoja: yeye.

Mkufunzi alikuja na karatasi ya maswali kumi na mawili. Hakuna hata moja lililoweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana.

"Mteja akishasema ndiyo, mazungumzo yamekufa," alieleza. "Muulize swali la kumfungua. Akijibu, chimba. Akijibu tena, chimba tena."

"Nachimba nini, kisima?" Mama Lita aliuliza. "Akipata kisima hatanunua tangi."

Mkufunzi hakucheka. Aliandika kitu kwenye daftari lake.

Siku ya kwanza aliingia fundi bomba, mteja wa tangu zamani, mbio mbio, suruali imelowa hadi magotini. Mama Lita alitazama karatasi, akamuuliza ni changamoto zipi anazopitia kuhusu maji.

Fundi alimkazia macho. "Unaumwa?"

"Nijibu tu."

"Changamoto yangu ni koki ya nusu inchi, na nyumba ya mtu inaelea."

Siku ya pili alikuja mzee mstaafu. Alipoulizwa maji yana maana gani maishani mwake, alivuta kigoda, akaanzia alipozaliwa. Kufika adhuhuri alikuwa ndiyo kwanza anaoa. Akaondoka mikono mitupu, akiahidi kurudi kumalizia. Mkufunzi akayasifu mazungumzo yale kuwa yalikuwa na kina. Mama Lita akasema kina alikiona, tangi je?

Balaa likamfuata mpaka nyumbani. Jioni ile ulimi ulimteleza, akamwuliza mumewe, "Unalionaje suala la chakula cha leo?" Mume akaweka chini redio aliyokuwa akiitengeneza na kumwangalia kwa huruma. "Wamekufukuza kazi?"

Kwa hiyo siku ya tatu, alipowaona mke na mume wakiingia wakiwa wameshikana mikono, wakasema moja kwa moja wanataka tangi la lita elfu moja, jeusi, alishukuru kimoyomoyo. Alishaanza kuandika risiti. Mkufunzi, aliyesimama nyuma yake kama kivuli chenye manukato, akakohoa. Mama Lita akashusha pumzi, akasoma swali la tano.

"Nielezeni, miezi sita ijayo hali ya nyumbani kwenu mnaionaje?"

"Itakuwa hivi hivi," mke akajibu. "Sisi na watoto wawili. Wanne."

Mume akajikuna shingo. "Au tuchukue la lita elfu mbili."

"La nini?"

"Watu huongezeka."

"Huongezeka kutoka wapi? Mimi sina mimba."

Hapo Mama Lita angenyamaza. Mtu yeyote aliyekaa na watu angenyamaza. Lakini mkufunzi alipiga hatua mbele, uso umechangamka. "Hilo ongezeko, kaka, tufafanulie kidogo."

Mwanamume alitazama matangi yaliyopangwa, kana kwamba anachagua la kujificha ndani yake. Kisha akasema yote kwa pumzi moja: dada yake na wanawe watatu wanahamia kwao mwisho wa mwezi. Tangu shemeji afariki dada anateseka, naye kama kaka ameamua.

Mke akauachia mkono wake. "Umeamua lini?"

"Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

"Na namna uliyoiona ni dukani." Hakupaza sauti. "Wifi yangu sina ugomvi naye. Mlango ule ni wake kama ulivyo wangu. Lakini watu wanahesabiwa nyumbani kwangu kama madebe, na mimi nasikia mbele ya muuza matangi."

Mkufunzi akasoma swali la sita. "Na jambo hili linakufanya ujisikieje?"

Mama Lita aliichukua ile karatasi mkononi mwa mkufunzi, akaikunja mara nne na kuifungia kwenye droo ya kaunta.

"Bwana mkufunzi," alisema, "nenda stoo ukanihesabie mifuniko. Yote. Ukimaliza, anza upya."

Mkufunzi akaliona jicho la yule mama, akaenda.

Mama Lita akamsogezea mke kigoda. Alikuwa na hasira na karatasi, na mkufunzi, na kidogo na yeye mwenyewe kwa kutii mambo ambayo akili yake iliyakataa. Akamgeukia mume. "Baba, huyo dada yako mwenyewe anasemaje?"

"Sijamuuliza bado. Nilidhani nimpe habari mambo yakiwa tayari."

Mke akainuka na kutoka. Mume akamfuata, na tangi likabaki pale pale.

Mkufunzi alirudi kutoka stoo na vumbi mabegani. "Umepoteza mauzo," alisema.

"Mimi?" Mama Lita akasema.

Siku mbili baadaye yule mke alirudi. Safari hii alikuwa na mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, sindano mbili zimechomekwa kwenye ukosi wa blauzi.

"Ndiye huyu," mke alimwambia.

Mwanamke mrefu akaegemea kaunta. "Ndiwe uliyeuliza nasemaje? Basi nimekuja kusema. Mimi sihami. Nina nyumba yangu, nina cherehani yangu, na watoto shule iko mlango wa pili. Nilimlalamikia kaka yangu kwamba maji yanasumbua, kila alfajiri nabeba madumu na mgongo umenikatika. Yeye akasikia nataka kuhama."

"Hakukuuliza?"

"Kaka yangu? Yule alizaliwa na majibu mkononi. Ni wifi ndiye aliyenipigia simu. Tukacheka, halafu tukalia, halafu akaniambia twende dukani."

Mkufunzi alikuwa ameshasogea. Mama Lita hakugeuka.

"Paa la bati?"

"Bati."

"Maji yanatoka mara ngapi kwa wiki?"

"Mbili."

"Mko wanne. Geti la ua mtu na baiskeli wanapita pamoja?"

"Wanapita."

"Chukua elfu mbili. Wakikwambia mara mbili kwa wiki, hesabu mara moja. Na fundi akikujengea stendi, mwambie aiinue ikufike kiunoni, usiiname tena."

Wifi mtu akaitikia kwa kichwa taratibu, kama aliyetuliwa mzigo. Mke akaongeza kuwa naye anachukua lake, lita elfu moja, jeusi, kwa ajili ya watu wanne.

"Lakini hayo yote ni maswali ya kufunga," mkufunzi alinong'ona.

"Ndiyo," Mama Lita akasema.

Pikapu ya kubebea matangi ilipofika, mume ndiye aliyeteremka upande wa abiria, shati limetoka nje, akiwa na uso wa mtu aliyeitwa bila kuelezwa. Aliona matangi mawili barazani. Akamwona mkewe na dada yake wamekaa bega kwa bega juu ya kreti, wanagawana chupa moja ya maji. Hakuwafuata. Alikwenda kaunta.

"Mama, mbona matangi mawili? La pili linakwenda wapi?"

Mama Lita alikuwa ameuza matangi mawili kabla ya saa nne asubuhi, na subira ilikuwa imemwishia tangu juzi.

"Mimi nauza tu, baba. Wenyewe wale pale, na midomo wanayo. Kawaulize."

Mwanamume akachomeka shati, kisha akatoka barazani na kuchutama mbele ya wale wanawake wawili. Mama Lita hakusikia alichouliza, kwa kuwa simu ya dukani ilikuwa inalia. Lakini aliona kwamba hakuna aliyemjibu haraka, na kwamba alisubiri.