Mashine Tatu na Njia ya Mama Mkwe

Jumanne mchana mke wa fundi alirudi kutoka hospitali, futi yake ya kushonea ikiwa bado shingoni. Akasimama mlangoni mwa karakana na kusema bila hata salamu:

"Mama anatoka Ijumaa. Atakaa kwenye kiti cha magurudumu miezi mitatu, mpaka nyonga ipone. Nimekipima. Sentimita sitini na nane. Ukiongeza viwiko, themanini."

Fundi alizima msumeno. Hakuuliza kiti kitapita wapi, maana alijua. Chumba pekee kisicho na ngazi katika nyumba ile kilikuwa cha nyuma, na njia ya kufika huko ilikuwa moja tu: uingie getini, upite katikati ya karakana, utokee mlango wa ndani. Na katikati ya karakana mashine tatu zilijilaza kama ng'ombe barabarani. Kulikuwa na msumeno wa meza, msumeno wa mkanda uliokuwa mrefu kama kabati, na mashine ya randa ya kulainisha mbao, kilo mia tatu za chuma kitupu. Hiyo randa iliingizwa na wanaume sita miaka minane iliyopita. Tangu siku ile haikuwahi kusogea hata unene wa ukucha.

"Uza randa," mke alisema. "Au Mama aende kwa kaka."

"Kaka anakaa ghorofa ya tatu. Atambeba mgongoni?"

"Na wewe mgongo unao? Mwaka jana uliinua mlango mmoja ukalala wiki mbili unalia kama umefiwa."

"Sikulia."

"Ulilia. Nilikuwepo."

Fundi akakung'uta vumbi mikononi. Mama mkwe huyu hakuwa mtu wa kuzungushwa kama kifurushi kilichokosa anwani. Zamani, fundi alipokuwa hana hata pa kuweka meza ya kazi, ndiye aliyempa baraza lake. Alivumilia kelele na vumbi mwaka mzima, kabla hajajua kama kijana yule atamwoa binti yake au atamharibia baraza tu. Na hiyo randa, kwa mgongo ule, ndiyo iliyokuwa inamweka kazini. Akirudi kwenye randa ya mkono asingemaliza mwezi.

"Mama anakuja hapa," alisema, "na mashine inabaki hapa. Mwite mdogo wako."

Mdogo huyo wa mke alikuwa mchomeleaji wa vyuma. Mtaa mzima ulimwita Cheche, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya mdomo wake. Jumatano asubuhi alifika akiburuta gunia.

"Shemeji, shida zako zimekwisha!" Akamwaga sakafuni magurudumu kumi na mawili, yote ya aina moja, yale yanayozunguka kila upande. "Manne kila mashine. Nachomelea fremu, napachika, saa sita tunakunywa chai."

"Kila moja linabeba kilo ngapi?"

"Themanini. Mara nne, mia tatu na ishirini. Randa yako mia tatu. Hesabu hiyo hata mtu aliyekimbia shule anaiweza."

"Huyo aliyekimbia shule ameshaweka meza nyingi za miguu minne kwenye sakafu hii," fundi alisema. "Kila mara mguu mmoja unaning'inia. Mzigo wa wanne unabebwa na watatu, na njiani hata wawili. Haya, piga hesabu tena."

Cheche akapiga, midomo ikimcheza, halafu akaona heri abadilishe mada. Akasema waanze na msumeno wa mkanda, maana ni mwepesi. Wakauinua kwa jeki na vipande vya mbao, wakausimamisha juu ya fremu, na Cheche akausukuma kwa kidole kimoja.

"Ona! Kidole! Hata bibi harusi anausukuma na shela lake!"

Msumeno ukateleza vizuri mpaka gurudumu la mbele lilipotumbukia kwenye ufa wa sakafu. Likajigeuza upande. Ule uzito wote wa juu ukaanza kuja. Fundi hakupata nafasi ya kuufikiria mgongo wake, aliweka bega. Cheche akarukia upande wa pili. Wakakaa hivyo, wamekikumbatia chuma kama ndugu wanaoagana, mpaka kikarudi kusimama.

"Mgongo?" Cheche aliuliza, akihema.

"Upo. Toa haya madude yako."

Fundi akachukua chaki, akaanza kuzunguka karakana. Alizunguka saa nzima, akichora sakafuni, akifuta kwa kiatu, akichora tena. Msumeno wa mkanda una kichwa kizito, na kazi yake haihitaji nafasi pande zote. Basi huo haufai kutembezwa. Uende kona ya mbao, ufungwe kwa bolti, na mbao zihamie nje ukutani. Msumeno wa meza usogee pembeni, pale utakapotoka wa mkanda. Iliyobaki ni randa tu. Hiyo haikuwa na pengine pa kwenda, kwa sababu ubao mrefu lazima uingie ukitokea upande wa getini na utoke ukielekea mlango wa ndani. Ni lazima ikae katikati, na ni lazima itoke katikati.

"Nitaitilia magurudumu yenye breki," Cheche alisema.

"Breki inashika gurudumu, haishiki mashine. Kisu kikiuma ubao, yote inatikisika. Mimi nataka wakati wa kazi isimame sakafuni kwa miguu yake. Ukikanyaga wenzo, magurudumu yanashuka na kuinyanyua. Mawili ya kwenda mbele na nyuma tu, mawili ya kuzunguka upande wa anayesukuma. Makubwa, yasianguke kwenye ufa. Na kila moja liweze nusu ya uzito."

"Kufikia Ijumaa?"

"Ni mama yako, Cheche."

Cheche akafunga mdomo, jambo ambalo mtaa ungelipa kiingilio kuliona, akaenda kutafuta chuma.

Alhamisi alasiri misumeno miwili ilikuwa imeshahama, na wenzo wa randa ulikuwa tayari. Cheche akaukanyaga kwa buti lake na randa ikapanda upana wa kidole. Fundi akakanyaga, ikapanda. Kisha akamwita mkewe. Maskini mke akapanda kwenye wenzo kwa miguu yote miwili, akaning'inia pale kama shati kwenye kamba. Randa haikuwa na habari naye.

"Kata," fundi alisema. "Rudia, uwe mrefu zaidi."

"Shemeji! Dada ana kazi gani na randa?"

"Mimi nikiwa kwa watu napachika milango, na Mama anataka kutoka, ni nani atamfungulia njia? Kipimo ni uzito wa dada yako, si buti lako."

"Dada, basi nenepa mpaka kesho."

Ndala ikampata begani. Lakini alikata, akachomelea upya, akaongeza shibiri mbili za bomba. Alipomaliza, dada yake alikuwa jikoni, na fundi akasema mkewe atajaribu asubuhi.

Walikuwa wameambiwa Mama atafika Ijumaa saa nane mchana. Saa nne asubuhi gari likapiga honi getini. Fundi alikuwa anaupitisha ubao wa mwisho kwenye randa, na randa ilikuwa pale pale katikati, imeziba njia. Alizima. Mguu wake ulikuwa tayari umekwenda kwenye wenzo. Akaurudisha.

"Wewe," alimwambia mkewe.

"Sasa hivi? Mama anasubiri!"

"Ndiyo maana."

Mke alimtazama jicho la kuchoma ubao. Akaweka mguu mmoja juu ya wenzo, akajiachia. Randa ikanyanyuka. Akaegemea, akasukuma, mzigo ukaanza kwenda, hatua moja, hatua mbili, kisha ukagoma. Maranda ya asubuhi yalikuwa yamejisokota mbele ya gurudumu. Cheche, aliyekuja kumpokea mama yake, akaruka kusaidia. Fundi akamshika ukosi wa shati.

"Mwache."

"Itamshinda!"

"Mwache, nimesema."

Mke akavuta mashine nyuma kidogo, akayasukumia maranda pembeni kwa mguu, akaegemea tena kwa kiuno na bega. Safari hii haikusimama mpaka ilipogusa ukuta. Akanyanyua wenzo, miguu ya chuma ikakaa sakafuni. Alikuwa anatweta, lakini alivua futi shingoni mwenyewe, akapima upana wa njia.

"Tisini na tano," alisema, na hakuweza kuficha meno.

Mama mkwe akasukumwa ndani, mguu umenyooka mbele kama bunduki, macho yakikagua kila kitu.

"Hii ndiyo ile randa mliyosema itauzwa?"

"Haiuzwi, Mama," fundi alisema.

"Nani alitaka kuiuza?"

Mkewe akajifanya anakunja futi. Kiti kikapita randa bila kugusa, kikapita msumeno wa meza, kikafika mlango wa ndani, kikasema *ko!* na kusimama. Kizingiti cha mbao. Miaka yote fundi alikuwa anakiruka bila kukiona.

Mama akakitazama kizingiti, kisha akamtazama fundi.

"Mkwe wangu," mama alisema, "mimi nilidhani umepima."

Cheche alikuwa ameshageukia ukuta, mabega yanamtetemeka kwa kicheko. Fundi alichukua msumeno wa mkono na patasi, akapiga magoti taratibu, kwanza goti moja, halafu la pili, kama mgongo ulivyomruhusu.

"Rudini nyuma kidogo, Mama. Dakika kumi."

"Siendi popote. Kata nikiona. Na kata usawa wa sakafu, usiniachie kinundu."

"Sawa, Mama," fundi alisema, akaanza kukata.