Kidoli Chenye Kwikwi

"Mwenzangu, kidoli gani hicho kinachoshikwa na kwikwi?" jirani muuza maziwa alimuuliza fundi cherehani siku moja, akisubiri sketi yake ipigwe upindo.

Fundi aliendelea kukanyaga cherehani. Alichokumbuka ni uzito mapajani, kofia ya sufu ya manjano na ile kwikwi. Hakuwa ameanza shule wakati huo, na sasa ana wajukuu. Kila alipoteleza akasema "alikuwa," mama yake alimsahihisha kutoka chumba cha ndani, hata awe katikati ya sala.

"Kilikuwa! Kilikuwa kidoli, kikapotea. Shona nguo za watu."

Wiki ile vidoli vikaanza kuja. Asubuhi fundi akifungua mlango, anavikuta vimeshakaa kwenye benchi la wateja: kimoja hakina mkono, kingine kimenyolewa upara, kingine kimetengenezwa kwa soksi. Vilingoja zamu kwa adabu. Fundi alivipakata kimoja kimoja, akatikisa kichwa, akavishonea palipofumuka, akaviruhusu viende.

"Vinajaza benchi bure," muuza maziwa alilalamika. "Hata kikombe kimoja cha maziwa havinunui!"

Siku moja, mwishoni mwa benchi, aliketi mwanamke mwenye mvi na viatu vya vumbi. Zamu yake ilipofika alisimama, akaomba radhi, akamkalia fundi mapajani. Hakuwa mzito kuliko mtoto mchanga. Akashikwa na kwikwi.

Fundi alisimamisha cherehani.

"Huyu," alisema.

"Nilikabidhiwa kwa watu waliokuwa wanahama," mwanamke alieleza, kwikwi ikimkatakata maneno. "Chakula kilikuwa cha mtoto mmoja. Wewe ulishajua kuuliza, dada, ndiyo maana ukaambiwa mimi kidoli."

"Na mimi nikaamini."

"Ungefanyaje? Ulikuwa mdogo."

Fundi alimpigapiga mgongoni, taratibu, mkono ukifuata njia ambayo kichwa kilikuwa kimeisahau. Muuza maziwa akaleta kikombe, akasema cha leo ni bure, mtu mwenye kwikwi hatozwi.

Mama alitoka chumba cha ndani na mkongojo wake.

"Shikamoo, mama," mwanamke alisema.

"Marahaba."

"Mama," fundi alisema, "huyu ni nani?"

"Nimeshakwambia miaka yote. Kilikuwa kidoli."

"Sema alikuwa, mama. Mara moja tu. Mungu anasikia na mimi nasikia, basi."

Mama alisogea. Alimgeuzia mwanamke kola iliyojikunja, akamfuta na vumbi la begani. Kidole chake kilipita shavuni, kikakaa hapo kidogo.

"Kimekua," alisema.

Akapita katikati ya vidoli, akafungua mlango wa mbele, akatoka.