Daraja la Ukumbini

Mto uliingia sebuleni kwa Mheshimiwa asubuhi, mkewe akipiga pasi shati la kuvaa kikaoni. Ulipita chini ya mlango wa mbele, ukazunguka meza, ukatokea jikoni na kwenda zake uani. Mkewe akachomoa waya wa pasi kwanza, ndipo akaita.

"Baba watoto, mto umekuja."

"Mto gani?" Mheshimiwa aliuliza kutoka bafuni, povu limemjaa kidevuni.

"Wa kwenu."

Akatoka na taulo begani, akautazama. Kweli ulikuwa wa kwao. Aliujua kwa rangi yake ya chai ya maziwa, na kwa jinsi ulivyovuta miguu ya mtu upande wa kushoto. Mkewe akakunja zulia, wakanywa chai miguu ikiwa juu ya viti.

Zamani Mheshimiwa alikuwa mwalimu wa hesabu kwenye shule ya ng'ambo ya mto huo. Msimu mmoja wa mvua mdogo wake wa kike alishikwa na uchungu wa kuzaa, na zahanati ilikuwa upande wa pili. Wakajaribu kumvusha kwa kamba. Mto ukamchukua. Siku ya msiba mwalimu alisimama ukingoni mbele ya waombolezaji, akaapa kwamba atagombea ujumbe wa baraza la mkoa, na akishinda daraja litajengwa. Hakuwa akitafuta kura siku ile, alikuwa akilia. Watu wakampa kura zote, na jina la utani juu yake: Daraja.

Muhula wa kwanza alilidai mpaka sauti ikamkauka. Akapigwa danadana: nenda kwa mhandisi, rudi kwa katibu, ngoja bajeti. Muhula wa pili akajifunza kuomba taratibu. Muhula wa tatu akawa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, akapewa gari na dereva, na sasa yeye ndiye aliyewaambia watu wangoje. Kila mwaka daraja liliingizwa kwenye mpango, na kila mwaka likasogezwa mbele. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezoea.

Jioni ya siku ulipokuja mto, yule mdogo wake alikuja nao. Alikaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, maji yakimfika magotini, tumbo lake kubwa vilevile.

"Karibu, wifi," mke wa Mheshimiwa alisema. "Umekonda wewe."

"Maji hayanenepeshi, wifi." Akamgeukia kaka yake. "Kaka, limefikia wapi?"

"Liko kwenye mpango."

"Haya, kaka."

Hakuuliza tena. Akawa anakuja kila jioni, akimsaidia wifi yake kukunja nguo.

Baadaye mto ukaanza kumfuata Mheshimiwa kazini. Barazani ulipita katikati ya ukumbi, ukawatenga wajumbe na chumba cha chai. Mjumbe mmoja alisimama kuuliza kama mto ni mgeni au mjumbe mwenzao. Spika akaamua kwamba unaruhusiwa kuhudhuria, ila hauna kura. Waheshimiwa wakawa wanavua soksi na kukunja suruali, hadi mmoja wao akateleza akaumia nyonga. Hapo ikaletwa hoja ya dharura: daraja lijengwe ukumbini, kwa fungu lilelile lililotengwa kwa ajili ya daraja la kule kwao Mheshimiwa.

"Mto ni uleule," mhandisi wa mkoa alieleza. "Kitaalamu, ni daraja lilelile."

Spika akamwita mwenyekiti wa kamati ya ujenzi atoe maoni. Mheshimiwa akasimama. Alikusudia kusema kwamba huko kwao watu bado wanavuka kwa kamba, na mama yake ni mmoja wao. Wenzake walikuwa wakimtazama, vidole vya miguu vimewasinyaa kwa maji.

"Naunga mkono," akasema, akaketi.

Alipotoka nje, mama yake akapiga simu.

"Mwanangu, nasikia mto umehamia kwako."

"Uko hapa, mama."

"Mbona na huku upo?"

Akamwambia ajitunze.

Daraja lilikamilika mvua zilipoanza. Lilikuwa zuri, la zege, lenye vyuma vya kushikilia pande zote mbili. Mheshimiwa akakata utepe. Redio ikatangaza kwamba daraja la mto ule, lililosubiriwa miaka mingi, limefunguliwa rasmi na mwana wa hukohuko.

Kesho yake jioni mdogo wake hakuja peke yake. Alikuwa amemshika mkono mama yao. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, limelowa mpaka mabegani.

"Mama," Mheshimiwa alisema.

"Nilisikia kwenye redio, nikasema nije nilione. Nimetembea ukingoni kutwa nzima, sikuliona. Nikajua ni haya macho yangu. Nikaingia."

Mke wa Mheshimiwa akaleta taulo, akaongeza kiti.

"Lakini ni zuri?" mama akauliza.

"Ni zuri, mama. Lina vyuma vya kushikilia."

"Afadhali," mama akasema, akaanza kukamua pindo la gauni.

Jirani wa kule alipopiga simu kutoa taarifa ya msiba, Mheshimiwa alimshukuru, akasema anajua. Asubuhi alivaa suti nyeusi akaenda barazani. Wajumbe wakasimama kimya kwa heshima ya marehemu, kisha wote wakavuka kwenda kunywa chai. Waliporudi, kwenye ajenda palibaki jambo moja, rangi ya vile vyuma. Kamati ilipendekeza kijani. Mheshimiwa akaunga mkono.