Neno Mwisho Lilisubiri Mlangoni

Usiku wa kuamkia leo niliota televisheni yangu inaniita kwa jina, tena kwa ukali.

"Mama Sikudhani, unaingia au huingii? Watu wanakungoja wewe tu huku."

Nikaiambia sina viatu. Ikanijibu kwamba wa huku ndani hawaingii na viatu nyumbani kwao. Nikaona ina hoja. Nikapandisha kanga, nikatanguliza mguu wa kulia nikasema bismillahi, na kioo kikanipisha kama pazia la mlangoni.

Kumbe ni filamu ile ya Kihindi. Naijua filamu ile kuliko ninavyolijua jiko langu. Mzee mmoja tajiri anajifanya kiziwi ili asikie wanawe na wake zao wanamsema nini. Wanamsema, na yeye anasikia yote, vituko mpaka mbavu zinakuuma, halafu mtoto wa mwisho anaoa na nyumba nzima inapatana. Mara ya kwanza niliiona kwenye sinema ya hapahapa Tanga mjini, mimi mke mpya, hina haijanitoka miguuni, na Mwinjuma mume wangu kando yangu. Ikafika intavali, mapumziko ya katikati, tukatafuna karanga, taa zikazimwa tena, na Mwinjuma akaniangukia begani akaanza kukoroma.

Alikuwa mtu wa reli, anaamka kabla ya jogoo, na usingizi wake haukuwa na adabu hata kidogo. Baadaye tulinunua kanda, tukaiangalia sebuleni kwetu Ngamiani miaka nenda miaka rudi, na kila tukivuka nusu, huyo, keshalala. Asubuhi ananiuliza, "Mama Sikudhani, iliishaje?" Nami namhadithia huku anafunga vifungo vya shati. Amekufa mwaka juzi hajauona mwisho wa filamu ile kwa macho yake hata siku moja. Tangu hapo kanda sijaigusa.

Basi naingia. Nyumba ni ileile, ngazi zake mbili zinakutana juu. Wanawake wenye sari wanakimbizana na masinia. Wanaongea Kiswahili cha kwetu kabisa, ila midomo yao inacheza Kihindi, na inamaliza kabla maneno hayajafika. Mtu anafunga mdomo, anakutazama, ndipo unasikia, "Karibu, shangazi."

"Shangazi wa nani?" nauliza.

"Harusi haiwezi kwenda bila shangazi aliyetoka mbali," anasema mke wa mtoto mkubwa, yule mwenye gubu. "Leo ni zamu yako."

Wakaja kwa foleni, wanainama, wananigusa miguu. Nikawa naivuta miguu yangu, maana visigino vina magaga na sikuwa nimejiandaa kwa wageni wa chini namna ile.

"Jamani, mimi si shangazi wa mtu," nikasema. "Mimi ni mjane wa Mwinjuma wa reli."

Radi ikapiga mara tatu. Kila ikipiga, shingo yangu inageuka yenyewe, kushoto, kulia, katikati. Nikauliza ni mambo gani haya. Yule mwenye gubu akaniambia nimesema neno zito. Nikajaribu kusema kwamba bamia za siku hizi zina nyuzi. Kimya. Nikasema tena, kwa sauti ya chini, kwamba mume wangu amekufa. Radi tatu, shingo huku na huku. Nikafunga mdomo. Shingo yenyewe ya uzee hii, si ya kuchezewa.

Wakanipeleka uani. Huko ukoo mzima umepangwa kwa ajili ya picha ya harusi, bwana na bibi harusi katikati, watoto chini, wazee kwenye viti. Kamera ina miguu mitatu, na inatembea yenyewe ikiwapanga watu, huyu inamsukuma, yule inamkanyaga. Kwenye viti, pembeni kidogo, amekaa Mwinjuma, kanzu nyeupe na kofia yake ya reli.

Sikushangaa kumwona. Nilishangaa kumwona yuko macho.

"Baba Sikudhani! Hujalala?"

"Sijalala. Tumeshavuka intavali?"

"Mmevuka zamani!"

"Sasa unaona," akasema, akavuta kola ya kanzu kama mtu aliyeshinda bao. Akapigapiga kiti kitupu kilichokuwa kando yake. "Njoo ukae. Umebaki wewe tu."

Mvua ikaanza kuninyeshea. Mimi peke yangu, wengine wakavu. Nikasogea kulia, ikasogea. Nikarudi nyuma, ikanifuata.

"Mvua ya huku inamnyeshea anayependa," ikasema kamera. "Usihangaike nayo."

Loo, niliona haya! Mtu mzima, nina wajukuu, nimelowa chapachapa kwa mapenzi mbele ya wakwe wa watu. Nikamtazama Mwinjuma nione kama ananicheka. Kofia yake ilikuwa inachuruzika maji.

Nikainua mguu niende. Nilikuwa nakwenda, haki ya Mungu. Ndipo nikaona kwenye lango la ua pana benchi, na juu ya benchi yamekaa maherufi sita makubwa, marefu kuliko mtu. M nene limechukua nafasi ya wawili, I limebanwa, H limesinzia juu ya O. Yanajipepea na gazeti moja kwa zamu.

"Nyie ni nani?" nikauliza.

"Sisi ni Mwisho," yakajibu kwa pamoja.

"Mnangoja nini?"

"Tunangoja picha. Ukoo ukitimia wote kwenye picha moja, tunaingia. Tukishaingia, taa zinawashwa. Taa zikiwashwa, kila mtu anakwenda kwake."

"Kwake wapi?"

"Wewe Ngamiani," likasema S. "Yeye unapajua."

Radi ikapiga tatu zake. Mguu wangu nikaurudisha chini. Nikaiambia kamera kwamba picha haipigwi, sijavaa.

"Vaa," ikasema kamera.

Nikapepesa jicho mara moja, niko juu ya mlima wa barafu na sari ya njano, muziki unapigwa, nyuma ya kila mti yupo mtu na fidla yake. Goti langu la kushoto halipendi baridi, lakini nikaimba. Sauti si yangu, nyembamba kama ya kasuku, na kila nikizunguka mti sari inabadilika rangi bila mtu kunifungua pini. Nikafanya hesabu yangu moja tu kichwani: wimbo huu usipokwisha, picha haipigwi, na Mwinjuma anakaa pale pale kwenye kiti. Kwa hiyo kila wimbo ulipotaka kutua, nikakirudia kiitikio. Nikarudia na kurudia.

"Mama," akaniita mpiga fidla mmoja kwa unyonge, "vidole vyetu."

Nikamwonea huruma, nikanyamaza. Papo hapo niko uani tena. Watu wamekaa vilevile, ila ndevu zimemwota bwana harusi mpaka kifuani na watoto wanalia njaa, maana pilau haifunuliwi kabla ya picha. Mwenye gubu akaniuliza kama shangazi wa Afrika wote wako hivi. Nikamwambia nywele zangu bado, nikakimbilia stoo.

Ndani ya stoo, juu ya gunia la mchele, nikamkuta mzee mwenye nyumba, yule anayejifanya kiziwi.

"Una nini, mwanangu?" akaniuliza. "Niambie mimi. Mimi kiziwi, sisikii kitu."

Najua kwamba anasikia. Filamu nzima imesimama juu ya hilo. Lakini nilikuwa nimechoka kumficha kila mtu, nikakaa chini karibu na gunia.

"Nimemkumbuka mume wangu, baba," nikasema. "Watu wanadhani nikikaa kimya nimezoea. Sijazoea. Nikiangalia taarifa ya habari mpaka ikaisha, nageuka nimweleze, hakuna wa kuelezwa. Nimekwenda harusi ya mtoto wa jirani, bi harusi akaanguka na keki, nimerudi mbio nyumbani nacheka peke yangu njiani, nafika mlangoni ndipo nakumbuka. Kicheko kile nilikimeza. Sasa nimempata hapa, yuko macho, ameniwekea kiti, na nyie mnataka nikakae ili mumwondoe. Siendi. Hata wajukuu zenu waote ndevu, siendi."

Radi haikupiga. Mzee akajifuta macho kwa ncha ya shuka lake.

"Sijasikia hata neno moja," akasema. Halafu akatega sikio upande wa uani. "Lakini mumeo anapiga miayo. Hiyo ya nne sasa."

Nikatoka mbio. Kweli, Mwinjuma kope zinamshuka. Anajifinya paja, anajipiga makofi shavuni, anaikodolea macho kamera. Kichwa kikidondoka, kamera inamwinua kidevu kwa mguu wake mmoja. Watu wa nyuma yake wanampepea.

"Wewe, Baba Sikudhani!" nikapiga kelele. "Usilale!"

"Silali," akasema, na ulimi mzito. "Nimeyakaza macho haya tangu siku niliyokufa, Mama Sikudhani. Kila wanapofika nusu nasema, leo sisinzii. Nataka niuone mwisho mwenyewe, nisihadithiwe. Lakini unanichelewesha, mke wangu. Nitalala."

Akaniangalia bila kunilaumu. Hakuwahi kuwa mtu wa kulaumu, hata siku nilipounguza suruali yake ya kazi. Anaomba tu, kama alivyokuwa akiomba nimsogezee maji. Nami nimesimama na mvua yangu kichwani, nimemshika mateka mtu anayenipenda.

Sikutaka. Naandika hivi ijulikane kwamba sikutaka. Nilivuka ua ule kila hatua nikiitukana kimoyomoyo, nikakaa kwenye kiti kile, na bega lake lilikuwa na joto. Mvua zetu mbili zikaungana zikawa moja.

"Haya, fungua macho, mwanamume," nikamwambia.

Sinia la ladu, vile vitamutamu vya harusi vya samli na iliki, likapita mbele yetu. Akachukua moja, akaimega katikati kwa vidole vyake vile vilivyokwaruzwa na vyuma, nusu akanitia mdomoni kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu wote, yeye ambaye duniani hata kunishika mkono barabarani alikuwa akiona aibu. "Kula," akasema. "Umekonda." Kamera ikatuambia tusicheke sana, ikafumba jicho, uani kote pakawa peupe.

Mwisho likaingia. Herufi zikapita mbele ya magoti yetu kama watu waliochelewa sinema, "samahani, samahani, mama samahani," M likanikanyaga kidole, zikajipanga mbele ya ukoo mzima. Mwinjuma akainama mbele na macho yake makavu, wazi, akasoma moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipomaliza akanigeukia kwa furaha, akanipiga kofi la paja.

"Mama Sikudhani! Wamepatana wote! Hata yule mwenye gubu! Na mzee kumbe alikuwa anasikia muda wote!"

"Weee!" nikasema. "Acha!"

"Wallahi! Muda wote anasikia!"

"Mimi nilikuwa sijui," nikamwambia. "Nihadithie vizuri."

Akanihadithia, akirusharusha mikono, tangu intavali mpaka mwisho, na mimi nikishangaa kila mahali panapostahili kushangaa. Alipofika kwenye picha nikamshika kanzu kwa mikono miwili. Nikamwomba asiende. Akafungua mdomo kunijibu, midomo ikacheza, ikamaliza, ikafunga, nami nikawa nasubiri maneno yafike.

Taa zikawashwa.

Lilikuwa jua. Sikudhani, binti yangu, alikuwa amefungua dirisha la chumbani.

"Mama, leo umelala mpaka umepitiliza. Chai tayari."

Nikataka kumwitikia, ulimi wangu ukagusa kitu kwenye mwanya wa jino la pembeni. Kidogo, kigumu, kina pembepembe. Nikakisukuma, nikaking'ata kwa mbali, na mdomo wote ukajaa harufu ya iliki na samli. Jana usiku tulikula ugali na dagaa. Dagaa hatuwaungi na iliki.

"Mama, mbona hivyo? Unaumwa jino?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi kapige mswaki uje unywe, inapoa."

Imeshapoa. Jua limefika katikati ya ukuta, Sikudhani amekuja mara mbili kunigusa kipaji cha uso kama nina homa, na mimi nimekaa kitandani nimefunga mdomo. Mswaki sijapiga, na chai sinywi.