Akanyage kwa Miguu Yake

Mkinisikia leo namsifu Mwende, mjue kwamba siku ya kwanza nilitamani kumvua ile miwani yake niikanyage.

Dada yangu Marthe anasuka nywele Berea, hapa Johannesburg. Mama yetu, Benita, alipofariki Kolwezi, kwetu Kongo, Marthe hakuweza kwenda kumzika, maana karatasi zake za ukimbizi hazimruhusu kurudi alikokimbia. Akatunga wimbo. Aliuimba kanisani kwetu, watu wakalia, kwaya ikaupokea. Mwaka huo huo akatutembelea mwimbaji Lambert kutoka Lubumbashi, akaurekodi kwa simu akisema umembariki. Haukupita muda tukausikia redioni, kinanda kikubwa, sauti ya Lambert, na maelezo kwamba Mungu alimpa wimbo huo ndotoni. Ndoto gani hiyo mtu anaota simu ikiwa mkononi?

Kilichomvunja dada yangu hasa si Lambert. Ni mama mmoja wa pale kanisani aliyemshika mkono baada ya ibada, kwa upendo kabisa, kama kwa dada mkubwa, akamwambia, "Yaya, unaimbaka muzuri ile wimbo ya Lambert." Tangu siku hiyo Marthe akaacha kuuimba. Nilimsikia mara moja akiuanza huku akisuka, halafu akajikatiza kama mtu aliyekamatwa na cha mwenzake.

Ndipo tukaenda Midrand kwa Mwende, wakili Mkenya tuliyeelekezwa na watu. Mwembamba, mpole, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Marthe akamwambia hataki kingine, anataka wimbo wa mama yake urudi nyumbani.

"Kwa kawaida mtu hushtakiwa kule anakoishi," Mwende alisema.

"Maître," Marthe alisema, kama tunavyowaita mawakili kwetu, "Lubumbashi siwezi fika."

"Najua, Mama Marthe. Kwa hiyo itabidi mahakama ya hapa impate yeye."

Akatueleza polepole. Mahakama ya Johannesburg haina mkono wa kuvuka mpaka na kumshika mgeni shati. Kama Lambert angekuwa na nyumba au gari hapa, tungeomba mali hiyo ishikiliwe kwa ajili ya kesi. Lakini hapa hakuwa na hata kijiko. Ilibaki njia moja: samansi, yaani hati ya kuitwa mahakamani, imfikie mkononi akiwa ndani ya nchi hii, nasi tuonyeshe kwamba jambo lenyewe lina mizizi hapa.

"Basi tumuite," nilisema. "Tumwambie kuna tuzo inamungoja."

"Hapana, Dada Denise. Tukimleta kwa uongo, wakili wake ataanzia hapo hapo. Akanyage hapa kwa miguu yake, kwa safari yake mwenyewe."

"Na asipokuja?"

"Waimbaji hurudi walikoshangiliwa."

Hapo ndipo niliitamani ile miwani. Tulikaa tukingoja, mimi nikichemka, Marthe akisuka, na Mwende akiandaa karatasi zake na kwenda kwa jaji kuomba ruhusa zinazotakiwa. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Kwangu mimi zilikuwa zinaoza.

Halafu tangazo likasambaa kwenye simu zetu. Mtumishi Lambert anakuja! Anafika Jumamosi usiku, anaimba kanisani kwetu Jumapili, Jumatatu jioni anapanda ndege.

Jumapili Mwende alikaa nasi benchi moja, Marthe katikati. Lambert alisimulia tena ile ndoto yake, kisha akaimba, na watu wakapanga mstari kwenda mbele kumtuza, kila mtu na noti yake. Nikaona pale pale jinsi ya kufanya. Sherifu, yule mtu wa mahakama anayepeleka samansi, aingie kwenye mstari, naye amtuze karatasi yake.

"Mpigie sherifu aje," nilimnong'oneza Mwende.

"Leo Jumapili. Samansi ikikabidhiwa Jumapili bila idhini ya jaji, ni kama haikukabidhiwa."

"Hata mwizi ana sabato?"

"Hata yeye," akasema, na akaweka mkono wake juu ya mkono wa Marthe.

Dada yangu alikuwa anafuata maneno kwa midomo, bila sauti. Wimbo ulipokwisha akaniambia, "Ameacha ubeti wa kaburi." Nilitaka kusimama nipige kelele. Nilikaa kwa sababu Mwende naye alikaa, na niliona taya lake limekaza. Kumbe naye ana hasira, ila yake ameifundisha kusubiri.

Tulipotoka nje akaniuliza, "Wageni wenu wakija huku, kabla ya kupanda ndege huwa wanapita wapi?"

"Fordsburg, madukani. Nani anarudi nyumbani mikono mitupu?"

Asubuhi ya Jumatatu nilipofungua kiduka changu cha ushonaji huko Fordsburg, Mwende na sherifu walikuwa tayari mlangoni. Sherifu alikuwa mzee wa Kizulu mwenye tai, mtulivu sana. Nikawapa viti, nikachemsha chai. Adhuhuri simu yangu ikalia. Lambert alikuwa mubashara mtandaoni, amesimama mbele ya kioo katika duka la suti mtaa wa pili, anawaonyesha mashabiki koti jeupe.

Tulikwenda kwa miguu. Sherifu alimsalimia akamuuliza kama ndiye Lambert mwenyewe. Lambert alidhani ni shabiki. Akaigeukia simu yake, "Munaona? Hata Bazulu banatujua," akataja jina lake lote, na akapokea karatasi kwa mikono miwili. Sherifu akamweleza ni nini.

"Mi ni mutu wa Lubumbashi," Lambert alisema. "Tribinali ya hapa hainijue."

Mwende alikuwa mlangoni. "Ilikuwa haikujui, Mtumishi," alisema. "Imeanza sasa hivi."

Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Lambert aliweka wakili wa hapa hapa, na siku ya kusikilizwa wakili huyo alikuja na hoja moja tu, kwamba mteja wake ni mgeni na mahakama haina mamlaka juu yake. Mwende alisimama, hakupandisha sauti hata mara moja. Jaji akasoma uamuzi, na mkalimani akatutafsiria. Samansi ilimfikia mdaiwa mkononi, ndani ya nchi, siku halali, bila hila. Na jambo lina mizizi hapa, kwa kuwa inadaiwa wimbo huu ulitungwa Berea na binti aliyeshindwa kwenda kumzika mama yake, Benita. Mahakama hii itaisikiliza kesi.

Marthe alishika ukingo wa benchi.

"Tumeshinda?" niliuliza kule nje.

"Bado. Tumefungua mlango tu. Wimbo ni wa nani, hilo ndilo litakalofuata."

"Maître," Marthe alisema, "ni wewe njo uliandika jina ya mama?"

"Lazima jaji ajue wimbo umezaliwa wapi."

Mwende alitupakia katika gari lake aturudishe Berea. Tukasimama kwenye robot, ndivyo wanavyoziita hapa taa za barabarani, ikiwa nyekundu. Marthe, kiti cha nyuma, akaanza kuimba. Hakuanza mwanzo. Alianza na ubeti wa kaburi, ule wa udongo uliotupwa na mikono ya wengine. Mwende akazima redio. Taa ikawa kijani, magari yakapiga honi nyuma yetu, na yeye hakuondoa gari mpaka dada yangu alipomaliza.