Bata Kati ya Juzuu

Riziki aligundua kitabu hakipo wakati sufuria za arobaini zimeshaoshwa na turubai limeshafunguliwa. Akatafuta chini ya mto, nyuma ya kabati, hata ndani ya ndoo ya unga. Kisha akakumbuka. Wakati wa hitima alikuwa amekipakata chini ya juzuu. Wanawake walipomaliza kusoma, wifi yake Asha alipita akisema, "Leteni juzuu, jamani, leteni," naye akampa vyote viwili kwa mpigo. Sasa kitabu kilikuwa madrasa, sanduku moja na Qurani.

"Unatafuta nini, wifi?" Asha aliuliza akiwa mlangoni.

"Kitabu changu."

"Kile nilichokuletea?"

"Si hicho."

Kile cha Asha kilieleza adhabu za kaburi. Agnes, mwenzake wa ofisi ya uwakala wa forodha kule bandarini, alileta chake, chenye hatua za kuvuka huzuni na nafasi ya kuandika unavyojisikia. Riziki alikuwa na stashahada, amezoea kukagua nyaraka za shehena za korosho huku simu zinalia. Lakini tangu wamzike Shamimu, binti yake wa pekee, herufi zilikuwa zinamkimbia. Selimundu ilimwandama mtoto yule tangu utotoni, ikamwacha amalize chuo, ndipo ikamchukua. Na kila kitabu kilichoingia nyumbani baada ya hapo kilimtaka mama mtu kitu fulani. Kimoja kilitaka awe na subira, kingine ajieleze. Riziki hakuwa na cha kumpa yeyote.

Kile alichokuwa anakitafuta alikipata dukani Magomeni, alipokwenda kutoa kopi ya cheti cha kifo. Umeme ulikatika karatasi ikiwa ndani ya mashine. Akangoja, mkono ukaokota kitabu cha watoto wa darasa la pili. Bata anakwenda kwa jirani kuazima ungo. Anamkuta mbuzi, wanasalimiana. Anamkuta kobe, wanasalimiana. Jirani anampa ungo, bata anarudi nyumbani. Basi. Umeme uliporudi, Riziki alikuwa amefika mwisho, na kwa muda wote ule hakuwa ameisikia pumzi ya mwisho ya mwanawe, ile ya kukwaruza, ambayo tangu hospitali haikuwahi kumtoka sikioni. Akakinunua. Tangu hapo hakupata usingizi bila kukisoma.

"Kitabu gani basi?" Asha alikazana.

"Cha bata."

"Bata?"

"Bata. Nilikuwa nakisoma kwenye hitima."

"Subhanallah! Sisi tunamsomea mtoto, wewe unasoma bata? Na stashahada yako hiyo? Watu wakijua watasema umerukwa na akili."

"Waseme. Nilishindwa hata Bismillahi, wifi. Mdomo unafunguka, hakitoki kitu. Ulitaka nikae pale nimetoa macho kama dagaa?"

Riziki alijitupia mtandio akatoka. Kuaibika kungekuja baadaye. Kwa sasa alijua jambo moja tu: bila kile kitabu, angelala na ile pumzi.

Madrasa ilikuwa Ufukoni. Maalim Mustafa alikuwa peke yake, anarudisha juzuu kabatini. Kitabu cha bata kilikuwa dirishani, kimetengwa.

"Nikajua ni utundu wa watoto," maalim alisema.

"Si watoto. Ni mimi. Naomba radhi, sikukusudia dharau."

"Unamsomea nani?"

"Najisomea."

Maalim alikichukua, akakipindua huku na huku. "Nimekisoma chote nikingoja mafunzo yake. Huyu bata hafunzi kitu."

"Hafunzi."

"Wala hafikwi na kitu."

"Ndiyo maana. Hakuna anayeumwa humo, maalim. Hata mbuzi hakohoi."

Maalim hakucheka. Alimtazama, kisha akauliza taratibu, "Na juzuu yako uliisoma?"

Hapo ndipo Riziki alipoelewa alichofanya. Hitima ni juzuu zote thelathini za Qurani. Ikibaki moja, haijatimia. Watu wamekula, wameomba dua, wameondoka, na aliyempunguzia Shamimu ni mama yake mzazi. Kila mgeni amesoma sehemu yake ila yeye.

"Sikuisoma," alisema. "Sikusoma hata aya moja."

"Ilikuwa ipi?"

"Sijui. Sikuitazama."

Maalim alilitazama kabati lililojaa, akashusha pumzi. "Basi nitazisoma zote. Hiyo yako itakuwa humo humo."

"Zote, maalim?"

"Si leo. Nitazimaliza." Akamnyooshea kitabu. "Chukua bata wako. Ila usimchanganye tena na juzuu."

Aliporudi, Asha alikuwa ameshaondoka. Mumewe, Yusufu, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na kanzu yake ya shughuli. Tangu msiba walikuwa wanasemeshana mambo ya maji na unga tu.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilifuata kitabu."

"Kile unachosoma kwa kunong'ona?"

Riziki alishtuka. "Si huwa umelala?"

"Nilale wapi? Juzi ulimruka kobe. Nikabaki namngoja mpaka adhana ya alfajiri."

Riziki alikaa pembeni yake. Alimtazama mume wake, akaona jinsi shingo ilivyobaki ndogo ndani ya kanzu. Akafungua kitabu, akasoma kwa sauti. Bata akamkuta mbuzi. Akamkuta kobe, na safari hii hakumruka. Jirani akampa ungo. Bata akarudi nyumbani.

"Yeye karudi," alisema Yusufu.

Mara zote alizosoma, Riziki hakuwahi kuliona hilo. Alikifunga kitabu kwa nguvu kama anayefunga mlango, lakini neno lilikuwa limeshaingia. Kilio alichowanyima waombolezaji wote kikamtoka chote, kwa sauti, mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kulikoni. Yusufu alimshika mabega, na yeye mwenyewe alikuwa analia.

Walipoishiwa nguvu, Yusufu akauokota mtandio wa mkewe sakafuni, akampa ajifute.

"Soma tena, mama Shamimu," alisema. "Ila ishia kwa jirani."

Akasoma. Akaishia kwa jirani.