Kitufe cha Kijani

Jumanne saa nane mchana, msanifu mpya alikaa kwenye kiti cha karibu na dirisha katika chumba cha mikutano, akafungua daftari, akaandika kanuni ya kwanza: mtumiaji asitafute, anachokihitaji kiwe kikubwa na kiwe karibu na kidole gumba. Mwalimu aliyeletwa kuwafundisha wasanifu wa kampuni alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya kamba, asiyependa maneno mengi. Kampuni ilikuwa inaunda upya programu ya simu ya kuwapangia wagonjwa zamu za upasuaji hospitalini, na msanifu aliomba kazi hiyo kwa sababu moja tu. Programu hiyo ilimuua mamake.

Haikumuua kwa kisu. Kila zamu yake ilipokaribia, mamake alitakiwa kuthibitisha kwamba atakuja. Kitufe cha kuthibitisha kilikuwa cha kijivu, kidogo kama punje ya dengu, chini kabisa pembeni. Kile kikubwa cha kijani, palepale kidole kinapotua, kilikuwa cha kughairi. Mama wa watu alibonyeza cha kijani mara tatu katika miezi kumi na moja, na kila mara akarudishwa mkiani mwa foleni, namba mia mbili na kumi na nne. Mara ya nne hakuwepo wa kubonyeza.

Aliyeviweka vitufe hivyo ni meneja, ambaye ofisi nzima ilimwita Rahisi Tu, maana kila alichoulizwa alijibu hivyo. Msanifu alimchukia kwa moyo wake wote, na kila asubuhi alimwamkia kwa adabu.

"Ukitaka kuijua kanuni, ivunje," mwalimu alisema. "Nendeni mkachore nyumba mnayoijua, muiharibu makusudi."

Msanifu akachora nyumba ya Rahisi Tu, ambako wafanyakazi waliwahi kualikwa chakula. Kwenye mlango wa mbele aliweka kitasa kikubwa cha kijani kinachokurudisha getini. Kile cha kweli alikichora cha kijivu, usawa wa kifundo cha mguu. Alichora kwa penseli, na ufutio akautupa kwenye pipa la taka.

Jumatano Rahisi Tu alifika na shati la jana. "Mlango wangu umebadilika," alisema, akauliza nani ana kumbukumbu za kikao. Seremala alikuwa ameshaitwa. Alishika kitasa, akajikuta getini, akashika tena, akajikuta getini, akasema hiyo si kazi ya seremala.

Kanuni ya pili ilisema mtu akikosea aweze kurudi hatua moja nyuma bila adhabu. Msanifu akarudi kwenye mchoro wake na kuongeza adhabu. Kuanzia jioni hiyo, Rahisi Tu alipogusa cha kijani, namba mia mbili na kumi na nne ilijiandika ukutani, akasubiri watu mia mbili na kumi na tatu waingie kwanza. Nao wakaja. Walikuwa wapole, kila mmoja na faili lake la hospitali. Waliingia, wakanywa maji, wakatokea mlango wa jikoni. Mkewe aliwahesabu kwa sababu ya vikombe. Mmoja wao, Rahisi Tu alisimulia ofisini, alivaa koti la bluu lililokosa kifungo cha pili.

Msanifu alikijua kifungo hicho. Kilikuwa kwenye kopo lake la sindano, kikisubiri koti la mamake. Alikwenda chooni akalia, akanawa uso, akarudi kazini.

Kanuni ya tatu ilitaka kosa lielezwe kwa lugha ya binadamu. Bafu la Rahisi Tu likaanza kusema, "Hitilafu. Jaribu baadaye," na yeye akawa ananawia ofisini. Msanifu alifurahi, tusidanganyane.

Ijumaa ilikuwa siku ya kuonyesha kazi. Msanifu alikuwa amekifanya kitufe cha kijani kuwa cha kuthibitisha. Rahisi Tu aliingia amekonda, suruali yake ina vumbi magotini. Alikitazama.

"Rudisha kama zamani."

"Bosi, watu wanakosea. Wanakufa."

"Anayeghairi anaanza kuhesabiwa upya. Kwenye ripoti hakuna aliyesubiri zaidi ya miezi minne, na hospitali inafurahi." Akakung'uta magoti. "Halafu watu huzoea, mwanangu. Kwangu sasa tunapiga magoti kufungua mlango. Siku tatu tu. Mama mkwe haoni hata tofauti. Rahisi tu."

Mwalimu aliandika kwamba mafunzo yamekamilika, akawagawia vyeti. Msanifu akavirudisha vitufe pale vilipokuwa, kwa mikono yake mwenyewe.

Jumatatu asubuhi programu mpya ilitoka. Simu ya mamake, ambayo aliitunza ikiwa na chaji kwenye droo ya meza yake, ikalia. "Zamu yako imefika. Utakuja?"

Msanifu aliishika. Hakuna mtu aliyevijua vitufe vile kumshinda. Kidole gumba kikaenda chenyewe kwenye cha kijani.

"Umeghairi. Wewe ni wa 214."

Aliirudisha simu kwenye droo, taratibu, akafungua daftari, akachonga penseli. Chumba cha kulala cha Rahisi Tu alikuwa bado hajakichora.